Kijisanduku cha indiketa na simba wa Kitengela

Kila pikipiki ya bodaboda ina kifaa kidogo ambacho abiria hakioni, na mwendeshaji hakikumbuki mpaka siku kitakapokufa. Ukishuka Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, utakikuta katika maduka ya vipuri pamoja na kebo za breki na plagi. Mafundi hukiita flasha. Kinapokea umeme wa betri unaokwenda mfululizo na kuutoa kwa vipindi, waka zima, waka zima, ili aliye nyuma ajue unakata kulia au kushoto.

Kimenikaa akilini tangu niliporudia kutazama hotuba ya Richard Turere katika jukwaa la TED, huko Long Beach, California, mwaka 2013. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 13, mtoto wa wafugaji wa Kimaasai wanaoishi kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Kisa cha taa alizobuni kuwafukuza simba kwenye zizi la ng'ombe wa babake kinajulikana, na tumekisimulia mno kama kisa cha kipaji. Kilichonikwamia mimi ni hicho kijisanduku cha flasha alichokitumia. Betri kuukuu ya gari, sawa. Paneli ya sola, sawa, hata bomani zipo. Lakini nani alimwambia kuwa ndani ya pikipiki kuna kitu kinachojua kuwasha na kuzima taa chenyewe?

Flasha ya kizamani ina ukanda mwembamba wa metali mbili zilizoshikamanishwa mgongo kwa mgongo. Umeme ukipita, ukanda hupata moto, na kwa kuwa metali moja hutanuka kuliko nyingine, ukanda wote hupinda na kuachana na ncha uliyokuwa ukiigusa. Umeme hukatika, taa ikazima. Ukanda hupoa, ukanyooka, ukagusa tena, taa ikawaka. Hamna saa humo. Ni joto na ubaridi vinavyopokezana zamu. Za siku hizi zina saketi ya elektroniki, lakini kazi ni ile ile.

Tena ile ya kizamani ina ukaidi. Imetengenezwa kwa balbu za nguvu fulani. Ukiifungia balbu dhaifu kupita kiasi, umeme unaopita hautoshi kuupasha ukanda moto, na taa hubaki inawaka tu kama imeduwaa. Turere alitumia vitaa vilivyotolewa kwenye tochi mbovu. Anayeoanisha vitaa vya tochi na kijisanduku cha pikipiki hana budi kufunga, kufungua, kuongeza, kupunguza, na kujaribu upya, hata kama hajawahi kusikia kanuni ya Ohm ikitajwa.

Mwenyewe anasimulia bila madaha yoyote. Anaeleza kwamba katika jamii yake mvulana wa miaka sita hadi tisa hukabidhiwa ng'ombe wa babake, na yeye hakuachwa nje ya zamu hiyo. Upande wa kusini sehemu kubwa ya mbuga haina ua. Pundamilia hutoka, simba hufuata, na wakishafika nje hukuta mifugo. Wazo lake la kwanza lilikuwa moto, kwa kuwa aliamini simba huuogopa. Anakiri kwamba moto uliwafaa simba wenyewe: uliwamulikia ndani ya zizi. Wazo la pili lilikuwa sanamu ya mtu, ili simba wadhani ni yeye amesimama pale. Siku ya kwanza walikuja, wakaiona, wakarudi. Siku ya pili, anasema, waligundua kuwa huyu jamaa hasogei, yupo pale pale siku zote. Wakaruka ndani na kuua. Ukumbi uliangua kicheko. Nyumbani kwao sidhani kama kuna aliyecheka.

Kisha usiku mmoja alizunguka zizi akiwa na tochi, na simba hawakuja. Hapo akang'amua kwamba wanachoogopa ni mwanga unaotembea. Kijisanduku kikafanya kazi ya miguu yake: taa zikatazama nje, upande wanakotokea simba, zikawa zinawaka kwa zamu kuzunguka zizi, naye yuko kitandani amelala.

Alipata dhana, akaijaribu, ikamshinda, akasema kwa nini imemshinda, akajenga nyingine juu ya magofu ya ile. Walimu wa sayansi hutoa alama nyingi kwa ripoti ya namna hiyo, na wengi hawaipati kutoka kwa mtu mzima, sembuse mtoto wa miaka 11.

Na elimu yake ya umeme aliipata wapi? Anasema tangu utotoni alikuwa akishinda chumbani akichokonoa vitu, na siku moja alifungua redio mpya ya mamake, akaitawanya. Mama alikaribia kumuua siku hiyo, ila yeye alijifunza mengi.

Hotuba yenyewe ni ya dakika saba hivi. Shule inatajwa mwishoni, baada ya kazi yote kwisha, na inaingia kama zawadi: kwa sababu ya taa zake alipata ufadhili wa kusoma Brookhouse, shule ya kimataifa iliyoko Lang'ata, upande wa pili wa mbuga hiyo hiyo. Aliyesaidia kisa chake kifike mbali ni Paula Kahumbu wa shirika la WildlifeDirect. Nafurahi kwamba walikutana. Lakini furaha hiyo ina mwiba: sayansi ilikwisha kufanywa kabla ya mlango wowote wa sayansi kufunguliwa. Mtoto wa boma la jirani, aliyefungua redio na kuchapwa, kisha hakupita mgeni mwenye kamera, yuko wapi leo?

Mazingira yenyewe ni haya. Mbuga ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, ina ukubwa wa kilomita mraba 117, na uwanda wa Kitengela ndio uliokuwa njia ya wanyama kutoka na kurudi. Zikaja ploti, zikaja senyenge, ikaja mitaa ya wafanyakazi wa viwanda vya Athi River. Mwezi Juni 2012 simba sita waliuawa na wanakijiji Kitengela kwa siku moja baada ya mbuzi kuliwa. Picha ya mmoja wa simba waliouawa Turere aliionyesha jukwaani, na hakumlaumu mtu.

Nirudi kwa yule mtoto wa boma la jirani na mlango wake wa sayansi. Katika nchi za kaskazini ya dunia, likizo ndefu ya kiangazi imezaa desturi nzuri. Vyuo vikuu na maabara huwachukua wanafunzi wa sekondari kwa wiki kadhaa, na baadhi huweka nafasi maalumu kwa watoto wa jamii ambazo hazionekani sana katika sayansi. Sisi tunao mfano wa karibu: Kilifi, katika kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, vijana wa kaunti hiyo waliomaliza Kidato cha Nne wamekuwa wakichukuliwa kwa miezi michache kufanya kazi bega kwa bega na watafiti. Kijana wa Ganze, katika kaunti hiyo hiyo, kuvaa koti jeupe na kushika pipeti kabla hajaingia chuo kikuu si jambo dogo. Ila ufunguo wa mlango ule ni matokeo ya mtihani wa KCSE. Kwa kipimo hicho Turere wa mwaka 2011 asingefika hata langoni: hakuwa na umri, hakuwa na cheti, alikuwa na redio iliyovunjwa.

Na tukisema tuilete desturi hiyo Kajiado, kaunti ya Kitengela, likizo ya nani? Agosti nyasi zimekauka, na kijana anayerudi kutoka shule ya bweni anangojewa na mifugo. Kumwita Nairobi kwa wiki sita ni kuliondolea boma mchungaji. Nani atamlipa mtu wa kushika fimbo yake? Sijaona fomu ya maombi yenye kisanduku cha swali hilo.

Hata hivyo Kajiado imewahi kufundisha sayansi kwa njia yake. Amboseli, ambako ndovu wamefuatiliwa tangu mwaka 1972 chini ya Cynthia Moss, wenyeji ndio wamekuwa macho ya utafiti, wakimtambua kila ndovu kwa mikato ya masikio na pembe. Mwaka 2014 jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani lilichapisha utafiti uliowachezea ndovu sauti zilizorekodiwa za watu wakitamka maneno yale yale. Ndovu walishtuka zaidi kwa sauti za wanaume wa Kimaasai kuliko za wanaume wa Kikamba, na hofu yao ilipungua sauti ilipokuwa ya mwanamke au ya mvulana. Waandishi ni wanne, na mmoja wao ni Katito Sayialel, mwenyeji wa huko. Nilipoliona jina hilo kwenye orodha nilitabasamu peke yangu ofisini.

Turere naye aliigeuza juu chini desturi ya kuwapeleka wanafunzi maabara. Alipoingia Brookhouse aliwachukua wenzake wa shuleni, akawapeleka kwao, akawafundisha kufunga taa katika maboma ambayo hayakuwa nazo. Watoto wa shule ya karo kubwa wakawa wanagenzi, maabara ikawa zizi. Kufikia siku ya hotuba alikuwa amefunga taa katika maboma saba, likiwemo la bibi mmoja jirani aliyekuwa amepoteza mifugo mingi.

Swali lililobaki ni la simba wenyewe. Mwaka 2018 Francis Lesilau na wenzake walichapisha utafiti kuhusu taa hizo kandokando ya mbuga, wakiwa wamewahoji wenye maboma 80, 43 kati yao wakiwa na taa, na kulinganisha majibu na takwimu za miaka kumi. Taa zinafanya kazi: maboma yenye taa yalishambuliwa mara chache sana kuliko yasiyo nazo. Lakini mashambulizi yalisogea mbali zaidi na mbuga, kwa wale ambao bado hawakuwa na taa. Na kadiri taa zilivyoongezeka, simba walianza kuua mchana zaidi kuliko zamani. Watafiti walishauri ufuatiliaji wa muda mrefu, kwa kuwa huenda simba wakazizoea taa.

Mchana ng'ombe hawako zizini. Wako malishoni na mvulana wa miaka saba au minane, na likizo ikifika wako na kaka yake wa sekondari. Hao ndio wanaowaona simba wakibadilisha tabia, saa ngapi, upande upi, upepo ukitoka wapi. Nani atawapa daftari, na nani atalisoma?