Jiko la Bibi: Mafiga Yabaki, Moshi Utoke

Ukitoka Gongo la Mboto ukapita Pugu na kuendelea hadi Chanika, bado utaziona nyumba za shamba za zamani zimesimama katikati ya viwanja vipya. Nyumba ya mbele ina vyumba vyake na baraza, na nyuma, uani, lipo banda la jiko peke yake, karibu na mwembe au mkorosho. Watu wengi wanaonunua mashamba huko huanza kwa kulibomoa banda hilo. Mwezi huu tuzungumze juu ya wasiotaka kulibomoa, maana nao wana sababu zao.

Bibi mmoja wa huko ndiye aliyenifikisha kwenye jambo hili. Analea mjukuu wa miezi tisa, kwa sababu mama wa mtoto huondoka alfajiri kwenda kazini mjini na kurudi usiku. Katika muda wa miezi minne mtoto huyo alipelekwa zahanati mara tatu kwa kikohozi na kupumua kwa shida. Mara ya tatu mganga hakuandika dawa tu, bali aliuliza: "Bibi, ukipika, mtoto anakaa wapi?" Akajibiwa kwamba anakaa mgongoni, angekaa wapi tena?

Tulipofika kumwona tulimkuta jikoni. Tukaamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kutoka ndani ya moshi, hatukumwona uso. Macho yake yalikuwa mekundu na yanatoa machozi. Kuta zilikuwa nyeusi kutoka chini hadi juu, na kwenye kenchi masizi yalining'inia kama nyuzi. Mmoja wetu, bila kufikiri, akasema dawa ni kuvunja na kujenga upya. Bibi akaweka mwiko chini.

"Jiko hili alilijenga babu yenu kwa mikono yake. Mkinivunjia, chakula cha matanga yangu mtapikia wapi?"

Basi tukakaa chini tukamsikiliza. Mambo aliyoyataka yalikuwa matatu: mlango usihamishwe, mafiga yasiondoke kwenye kona yake, na kinu kibaki pale kilipo. Nikiri kwamba mwanzoni niliona ni ukaidi wa wazee. Baadaye nikaelewa. Mlango unatazama nyumba, kwa hiyo anayepika anaona nani anaingia uani. Kona ya mafiga ina ukuta mzima upande wa kusi, na upepo wa kusi unapovuma, kuanzia mwezi wa nne na kuendelea, moto hautapakai. Kinu kipo karibu na mlango kwa sababu ndipo penye mwanga. Yule aliyelipanga jiko hili alijua alichokuwa anafanya.

Je, moshi ulitoka wapi? Jibu lake linazihusu nyumba nyingi. Zamani banda hili liliezekwa kwa makuti. Makuti hupitisha moshi, na kati ya ukuta na paa palikuwa na uwazi pande zote. Miaka kama kumi na tano iliyopita watoto wake walimwezekea bati, jambo jema la heshima, na fundi akaziba ule uwazi wote kwa udongo na saruji ili ndege na nyoka wasiingie. Tangu hapo moshi ukakosa njia. Lilibaki tundu moja la dirisha la futi moja kwa moja, na mlango. Yaani jiko lilipofanywa bora kwa macho, likawa baya kwa mapafu.

Moshi wa kuni si kero ya macho peke yake. Ndani yake zimo chembe ndogo sana zinazopita puani na kooni hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani, na kati yao watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya 237,000. Kwa watoto ugonjwa mkubwa ni nimonia. Kwa watu wazima ni ugonjwa sugu wa mapafu, maradhi ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Mtoto wa jicho nao huwapata mapema zaidi wanawake waliopikia moshi maisha yao yote. Tena mwanamke ambaye hajawahi kuvuta sigara hata moja anaweza kupata kifua cha mvutaji.

Wengi huuliza: kwa nini asihamie kwenye mkaa? Mkaa hautoi moshi mwingi wa kuonekana, lakini hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Katika chumba kilichofungwa gesi hiyo huua watu wakiwa usingizini. Kwa hiyo jiko la mkaa lisiingizwe kamwe chumbani kwa ajili ya kuota moto, hata kama makaa yanaonekana yamekwisha.

Sasa nieleze kilichofanyika. Kazi ilianza na masizi. Fundi alitaka kuyafagia makavu, tukamzuia. Mwaka 1775 daktari mmoja wa London, Percivall Pott, aliandika kwamba vijana waliofanya kazi ya kusafisha mabomba ya moshi walikuwa wakipata saratani ya ngozi katika sehemu za siri, na kisa chake ni masizi. Ilikuwa mara ya kwanza saratani kuhusishwa na kazi ya mtu. Kwa hiyo vyombo vyote vilitolewa nje, kuta zikanyunyiziwa maji, na masizi yakakwanguliwa yakiwa mabichi, fundi akiwa amefunga kitambaa puani na amevaa shati la mikono mirefu. Mtoto alipelekwa kwa jirani siku hiyo nzima. Masizi yalifukiwa mbali na kisima.

Kisha uwazi kati ya ukuta na paa ulifunguliwa tena, shubiri moja kwa upana, pande mbili zinazotazamana. Tuliweka waya wa banda la kuku. Usiweke wavu wa mbu mahali hapo, maana utazibwa na masizi kabla ya mwezi kwisha, na utakuwa umerudi ulikotoka.

Madirisha yalileta ubishi. Kanuni inayofaa kufuatwa ni kwamba matundu ya madirisha yasipungue sehemu moja ya kumi ya sakafu. Jiko lina futi 12 kwa 10, yaani futi za mraba 120, hivyo yalihitajika madirisha mawili ya futi 3 kwa 2. Fundi akaona moja liwekwe juu ya mafiga, moshi utoke hapo hapo. Bibi akacheka. "Kusi likija, mwanangu, moto wote utanirukia mimi." Alikuwa sahihi. Dirisha juu ya moto, upande unakotoka upepo, hurudisha moshi ndani. Lile tundu la mashariki likapanuliwa, na jingine likatobolewa upande wa magharibi, yakitazamana. Upepo sasa unapita katikati ya chumba bila kuugusa moto. Juu ya kila dirisha palilazwa kizingiti cha mbao ngumu kabla ya kutoboa, kwa kuwa ukuta wa udongo na miti ukikatwa ovyo huanguka.

Ndipo tukafika kwenye mafiga yenyewe. Mawe matatu hupoteza sehemu kubwa ya joto, lakini hubeba sufuria ya ukubwa wowote na hayatikisiki mtu anaposonga ugali. Jambo hilo wataalamu wengi hulisahau, wakaleta majiko mepesi yanayoyumba, na akina mama wakayageuza viti vya kuku. Tulijenga jiko la udongo kwenye kona ile ile, lenye matundu mawili ya sufuria, mdomo mmoja wa kuni, na bomba nyuma. Udongo wa Chanika una mchanga mwingi, haushikani vizuri, hivyo tulichukua wa kichuguu, tukauchanganya na mchanga kidogo na nyasi zilizokatwa, ukakanyagwa kwa miguu na kulazwa usiku kucha. Moyo wa jiko ulijengwa kwa matofali ya kuchoma. Liliachwa likauke taratibu wiki mbili kivulini. Ukiwasha moto mapema litapasuka.

Kuhusu kimo, vitabu hupendekeza jiko lifike kiunoni. Bibi alikataa, kwani yeye hupika ameketi kwenye kigoda, na ugali wa watu wanane hausongwi kwenye jiko la kiunoni na mtu mfupi. Tukakubaliana futi moja na nusu. Linaacha hatari fulani kwa mtoto atakapoanza kutambaa, kwa hiyo pembeni ilijengwa kingo ya matofali kulizunguka eneo la moto.

Bomba ni la bati, lenye upana wa inchi nne, limepita kwenye paa na kusimama futi mbili juu ya kilele, na kofia yake ya kuzuia mvua. Pale linapopita, papi za mbao zilikatwa ili zisiguse bomba. Ningekuwa na banda la makuti nisingethubutu kupitisha bomba, kwani cheche moja yatosha. Kwa mwenye makuti yafaa kuachia uwazi mkubwa, madirisha, na kuni kavu. Njia nyingine ni kofia ya moshi, yaani bati pana linaloning'inia juu ya moto na kuelekeza moshi nje. Huko Kenya, miaka ya mwisho ya 1990, kofia za namna hiyo zilijaribiwa katika nyumba za Wamaasai wa Kajiado na zilipunguza moshi wa ndani kwa zaidi ya nusu.

Hata hivyo nisikudanganye, ndugu msomaji. Huko Guatemala majiko yenye bomba yalipewa sehemu ya kaya zaidi ya 500, na nyingine zikaendelea na moto wa wazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba moshi uliowafikia watoto ulipungua karibu nusu. Nimonia kwa jumla haikupungua kiasi cha kuthibitika, ila ile nimonia kali ilipungua. Maana yake ni kwamba bomba linasaidia, lakini moshi unaobaki bado ni mwingi kwa kifua cha mtoto mchanga. Kwa sababu hiyo tulimwomba Bibi jambo ambalo halikugharimu hata senti: mtoto asiwe mgongoni wakati wa kupika. Sasa hulazwa kwenye mkeka barazani, na binamu yake anamwangalia. Hilo lilikuwa gumu kwake kuliko yote. Alisema mtoto atadhani ameachwa.

Dalili za hatari kila mlezi azijue. Hesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikisha pumzi 60 au zaidi, wa miezi miwili hadi kumi na moja akifikisha 50, wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, anapumua haraka kupita kawaida na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, usingoje kupambazuke.

Kuna mambo madogo yaliyosaidia kupunguza kuni. Maharage yanalowekwa usiku kucha. Sufuria inafunikwa. Kuni zinapasuliwa nyembamba na kuanikwa chini ya upenu wa banda, juu ya mawe ili nge wasijifiche, kwa sababu kuni mbichi huchemsha maji yake kwanza kabla ya yako. Kuta zilipakwa chokaa, na mwanga ukaongezeka hata Bibi akaona nyufa za mtungi wake wa maji. Chupa ya soda iliyokuwa na mafuta ya taa ilitolewa sakafuni. Mtoto akinywa mafuta hayo asitapishwe wala asipewe maziwa, akimbizwe hospitali. Na akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mayai na mafuta visipakwe.

Mwanawe alikuwa amemletea mtungi wa gesi wa kilo 6, ambao ulikaa miezi umefunikwa kanga. Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na bila shaka gesi ni safi kuliko jiko lolote la kuni. Lakini gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni hadi ikute moto. Kwa hiyo haikai katika chumba kimoja na kuni zinazowaka. Mtungi wa Bibi uliwekwa barazani, naye huchemshia chai ya asubuhi na uji wa mtoto. Maharage na makande bado ni ya kuni, kwani gesi ikiisha kabla ya mwisho wa mwezi hakuna wa kuijaza.

Miezi mitano imepita. Mtoto amekohoa mara moja, akapona bila kwenda zahanati, ingawa sitaki kusema ni kwa ajili ya jiko tu. Bibi ana lalamiko moja: dumuzi wameanza kutoboa fito za paa, jambo ambalo moshi ulilizuia miaka yote. Nalo ni kweli, na mwenye jiko la namna hii azikague mbao zake kila baada ya miezi michache, azipake oili chafu zile zilizo mbali na bomba. Bomba lenyewe husafishwa kila mwezi kwa fungu la makumbi ya nazi lililofungwa kamba na jiwe, likishushwa kutoka juu wakati jiko limepoa. Kazi hiyo amepewa mjukuu mkubwa, Jumamosi ya kwanza, kabla hajaenda kucheza mpira.