Wanafunzi Walale Msituni, Kando ya Mto

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet wamo vijana wengi wanaomaliza shule bila kuukanyaga msitu wanaouona kila asubuhi wakienda darasani. Msitu wenyewe ni Mau, upande wa kusini-magharibi, nao umepakana na michai. Basi la shule likikodiwa, aghalabu huelekea Nairobi au Mombasa. Si vibaya. Hata hivyo, nashikilia kwamba usiku mmoja ndani ya hema kando ya mto Itare au Kiptiget una elimu isiyopatikana katika safari hizo.

Kambi ninayoizungumzia haina bomba, haina umeme, wala haina choo ila kile mtakachokichimba wenyewe. Maji huchotwa mtoni yakachemshwa. Chakula ni kile mlichobeba mgongoni.

Walimu wasihadaiwe na uzuri wa mahali. Kericho hupata zaidi ya milimita 1,800 za mvua kwa mwaka, nyingi yake alasiri, na mvua ya mawe si ajabu huko. Mto waweza kufurika usiku hali nyota zinaonekana juu ya hema, kwa sababu mvua imenyesha mbali mlimani. Kwa hiyo hema lisimamishwe juu ya ukingo, wala si pale penye mchanga tambarare panapotamanisha. Tambarare hiyo imesawazishwa na mafuriko yaliyotangulia. Choo kiwe hatua 100 au zaidi kutoka majini, maana wako watu wanaochota chini yenu. Kuni ziwe zile zilizokauka na kuanguka zenyewe. Likizo ya Aprili haifai kabisa; afadhali Desemba. Idhini iombwe mapema kwa Shirika la Huduma za Misitu, ambalo askari wake wanajua ndovu wanapopita, kwani wangalimo.

Kisha kuna somo la maji yenyewe. Itare na Kiptiget humimina katika mto Sondu, unaoendesha mitambo ya megawati 60 ya Sondu-Miriu kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Nyangores, unaopita Bomet mjini, huungana na Amala kuwa mto Mara, nao huwanywesha nyumbu wa Maasai Mara na Serengeti, na baada yao wakulima na wavuvi wa Tanzania. Mwanafunzi aliyenawa uso katika maji hayo alfajiri, yakiwa baridi ya kukata vidole, hatayasahau kama anavyoisahau ramani ya ukutani.

Atauliza pia maswali. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Nyayo Tea Zones, ukanda wa chai uliokusudiwa kuukinga msitu usivamiwe. Mwaka 2001 serikali iyo hiyo ikamega zaidi ya hekta 61,000 za Mau. Ukanda ulikuwa ukimzuia nani, basi?

Swali la Waogiek ni zito zaidi. Hao wameishi humo kwa kurina asali na kuwinda tangu kabla ya mche wa kwanza wa chai. Mgeni mwenye hema hupewa kibali na kusifiwa kwamba anapenda maumbile. Mwogiek akilala papo hapo huitwa mvamizi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba Kenya ilikiuka haki zao, na tarehe 23 Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85. Watakuwapo watakaosema mambo haya ni siasa, hayafai kwa watoto. Mimi naona mtoto anayeweza kukariri miaka ya vita vya Ulaya anaweza kulistahimili jambo lililotendeka nyuma ya shule yake.

Kwa sababu hiyo, shule itakayokwenda imwalike mzee wa Kiogiek awaoneshe vijana mizinga, miti ya dawa na nyayo za wanyama, tena alipwe kama mwalimu, si kama mpagazi.

Gharama si kubwa. Mahema yanaweza kuazimwa kwa maskauti wa shule jirani, sufuria zimo jikoni, na safari ya basi ni ya saa chache tu. Zinasalia sahihi mbili: ya mwalimu mkuu na ya mzazi.