MBWA NA MABAKI YA SIKUKUU

Idi na Krismasi ni siku za kuchinja katika vijiji vya Iramba, Manyoni, Ikungi na Mkalama. Mwenye mbuzi huchinja mbuzi, na asiye naye hukamata kuku. Mbwa aliyelinda zizi mwaka mzima naye hutupiwa fungu lake. Kula ni haki yake; lakini yako mabaki yamdhuruyo yeye, na yako yamdhuruyo hata bwana wake.

Mfupa wa kuku uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali, navyo huweza kumkwama mbwa kooni au kumtoboa utumbo. Mafuta mengi humtapisha na kumwendesha tumbo. Vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu damu yake.

Hatari iliyo kubwa zaidi imo katika maini na mapafu mabichi yenye vifuko vya maji. Ndani ya vifuko hivyo mna mbegu za tegu mdogo. Mbwa akivila, tegu hukomaa tumboni mwake kwa majuma sita hivi, na mayai yake hutoka pamoja na kinyesi. Mbwa mwenyewe haonekani kuugua. Mayai yakiangukia majani, mbuzi huyala. Yakishika mikono ya mtoto achezaye na mbwa, mtoto huyameza. Kifuko huota katika ini au pafu lake, hukua polepole kwa miaka, na mara nyingi hulazimu kupasuliwa.

Huko Turkana, nchini Kenya, ugonjwa huu ulienea mno hata shirika la AMREF likaanza kampeni ya kuudhibiti mwaka 1983. Iceland, nchi ya wafuga kondoo, iliusumbukia sana katika karne ya 19. Tangu miaka ya 1860 wananchi walielimishwa kwa kijitabu, uchinjaji ukasimamiwa na mbwa wakapewa dawa, hata ugonjwa ukatoweka.

Vyama vya msingi navyo vyaweza kutimiza haya:

1. Kuchimba shimo refu penye kuchinjia, na kufukia au kuchoma viungo vyenye vifuko.
2. Kumchemshia mbwa matumbo na maini kwa nusu saa kabla ya kumpa.
3. Kumwomba Afisa Mifugo awape mbwa dawa ya tegu.
4. Kuwafundisha watoto kunawa mikono kabla ya kula.

Katibu na ayasome haya mkutanoni kabla ya sikukuu, visu vikiwa bado havijanolewa.