Gesi ya kiyoyozi haiishi: Uchafu na umeme mbovu ndivyo vinavyokula mtaji

KILA mwaka ifikapo Novemba, joto linapoanza kupanda Dar es Salaam, Tanga na miji mingine ya mwambao, simu za mafundi wa viyoyozi huanza kuita mfululizo. Kiyoyozi kilichopumzika tangu Juni kinawashwa, kinapuliza hewa isiyo na ubaridi, na mwenye duka au saluni anaanza kuhangaika.

Jibu analopewa mara nyingi ni moja: gesi imekwisha, ijazwe. Analipa, kiyoyozi kinapoza kwa miezi michache, kisha msimu unaofuata anarudi palepale na kulipa tena.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba gesi ya kiyoyozi si kama petroli au mafuta ya taa. Haiungui na haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inageuka kimiminika na kurudi kuwa gesi, kiasi kilekile mwaka hadi mwaka. Ikipungua, kuna mahali inavuja.

Mfanyabiashara anayejaziwa gesi kila mwaka bila tundu kutafutwa anajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Wakati mwingine hata gesi yenyewe haijapungua. Kinachosumbua ni vumbi kwenye chujio, chumvi ya bahari kwenye mashine ya nje au umeme mdogo, mambo ambayo dawa yake ni rahisi kuliko mtungi wa gesi.

Si anasa tena

Zipo biashara ambazo kiyoyozi si anasa bali ni kinga ya mtaji. Dawa nyingi za binadamu na za mifugo zimeandikwa kwenye boksi zisihifadhiwe kwenye joto linalozidi nyuzi 30, na nyingine nyuzi 25. Duka lililoezekwa kwa bati, lenye dirisha moja, linaweza kuvuka kiwango hicho mchana wa Januari. Mbegu nazo hupoteza nguvu ya kuota haraka zikikaa kwenye joto na unyevu.

Kwa mwenye duka la dawa au la pembejeo, kiyoyozi kikigoma wiki mbili hasara si ya jasho tu. Ni ya bidhaa zilizoko kwenye rafu, na mteja anayenunua mbegu isiyoota harudi tena.

Jinsi kinavyofanya kazi

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachukua joto lililomo ndani ya chumba na kulitupa nje. Mashine ya ndani ina feni inayopitisha hewa ya chumba kwenye mabomba ya baridi. Mashine ya nje ina kompresa inayosukuma gesi, pamoja na feni inayopuliza ili kuondoa joto lile.

Ukielewa hilo, utaelewa nusu ya matatizo. Hewa isipopita vizuri ndani, joto halichukuliwi. Isipopita vizuri nje, joto halitoki. Katika hali zote mbili kompresa hufanya kazi muda mrefu zaidi, umeme unaliwa, na chumba hakipoi.

Mfano wa hesabu unasaidia. Mashine inayovuta wati 1,200 ikifanya kazi saa 8 bila kompresa kupumzika inakula uniti 9.6 kwa siku, yaani karibu uniti 250 kwa siku 26 za biashara. Iwapo mashine hiyo ni safi na kompresa inapumzika theluthi moja ya muda huo, matumizi yanashuka hadi uniti 166 hivi. Zidisha tofauti hiyo kwa bei unayonunulia umeme wa LUKU, utajua vumbi linakugharimu kiasi gani kila mwezi.

Anza na chujio

Kazi ya kwanza haihitaji fundi. Zima kiyoyozi, zima na swichi yake ya ukutani, kisha inua kifuniko cha mbele cha mashine ya ndani. Chujio za plastiki zinachomoka kwa mkono. Zioshe kwa maji na sabuni kidogo, zikaushe kivulini, kisha zirudishe. Usizianike kwenye jua kali, zitajikunja.

Duka lililo kando ya barabara ya vumbi au karibu na mashine ya kusaga linahitaji kazi hiyo kila baada ya wiki mbili. Saluni nayo ni hivyohivyo, kwa sababu nywele na dawa za kupuliza huziba chujio haraka. Nyumbani, mara moja kwa mwezi inatosha.

Mashine ya nje ioshwe kila baada ya miezi mitatu, na mapema zaidi kwa walio karibu na bahari. Chumvi inayoletwa na upepo hula vibati vyembamba vya alumini vinavyozunguka mabomba. Tumia maji baridi yasiyo ya chumvi, kwa mpira wa kumwagilia bustani, huku umeme ukiwa umezimwa kabisa. Mashine ya shinikizo ya kuoshea magari haifai, kwa kuwa inavilaza vibati na kuziba njia ya hewa.

Aidha, usiweke maboksi, kreti za soda wala magunia mbele ya mashine ya nje. Hewa ya moto ikirudi ndani yake, hakuna fundi atakayekusaidia.

Pima kwa kipimajoto

Kabla ya kumwita fundi, mfanyabiashara anaweza kupima mwenyewe kwa kipimajoto cha kawaida. Washa kiyoyozi kwenye baridi ya juu, feni kwa kasi, uache dakika 15. Pima hewa inayoingia juu ya mashine ya ndani, kisha hewa inayotoka chini.

Tofauti ikiwa kati ya nyuzi 8 na 12, mashine kwa kawaida ni nzima. Kama chumba bado ni cha moto, tafuta sababu nyingine: mlango unaoachwa wazi, bati lisilo na dari, au mashine iliyo ndogo kuliko chumba. Tofauti ikiwa nyuzi 3 au 4 tu wakati chujio ni safi, hapo kuna ugonjwa na fundi anahitajika.

Dalili na maana yake

Maji yanadondoka ndani: Mara nyingi bomba la kutolea maji limezibwa na utelezi au wadudu, au limewekwa bila mteremko. Likizibuliwa na kusafishwa kwa maji, tatizo linakwisha.

Barafu kwenye mabomba: Zima baridi, acha feni ipulize peke yake hadi barafu iyeyuke. Safisha chujio, kisha washa upya. Barafu isiporudi, kilichokuwa kinakosekana ni hewa. Ikirudi wakati chujio na mabomba ya ndani ni safi, huenda gesi imepungua kweli.

Feni ya ndani inapuliza lakini hakuna baridi: Nenda nje uangalie. Feni ya nje ikiwa imesimama, au kompresa ikiguna na kuzima, mara nyingi ni kapasita iliyochoka, kipuri kidogo ambacho bei yake ni ndogo sana kuliko ya kompresa. Hata hivyo, usikifungue mwenyewe. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya swichi kuzimwa.

Hakiwaki kabisa: Angalia betri za rimoti, swichi na breka. Mijusi na sisimizi nao huingia kwenye vifaa vya umeme vya mashine ya nje na kusababisha shoti.

Breka inakata kila kikiwashwa: Usiirudishe mara kwa mara, wala usiweke breka kubwa zaidi ili isikate. Breka inakata kwa sababu kuna hatari. Kuizidisha ukubwa ni kukaribisha moto.

Harufu ya uvundo: Ni ukungu kwenye mabomba ya ndani. Unahitaji kuosha mashine yote ya ndani, si chujio pekee.

Umeme ndio muuaji

Kompresa ndiyo moyo wa kiyoyozi na ndiyo kipuri cha gharama kubwa kuliko vyote. Nyingi hazifi kwa uzee bali kwa umeme. Mashine zetu zimetengenezwa kwa umeme wa volti 220 hadi 240. Volti zikishuka sana, kama inavyotokea jioni mtaa mzima unapowasha pasi na majiko, kompresa huvuta mkondo mkubwa zaidi, inapata moto na nyaya zake za ndani huungua.

Hatari nyingine ni umeme kukatika na kurudi ghafla. Kompresa iliyosimama inahitaji dakika tatu hivi ili msukumo wa gesi pande mbili ulingane. Ikilazimishwa kuanza kabla ya hapo, inaanza ikiwa imebeba mzigo.

Kinga ni kifaa cha kulinda umeme, ambacho hukata volti zikiwa chini au juu mno na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Kile cha friji hakitoshi. Kiyoyozi kinahitaji chenye uwezo mkubwa zaidi wa ampea, na ukubwa wake usomwe kwenye kibandiko cha mashine. Kwa viyoyozi vya inveta, ambavyo hula umeme kidogo, kinga hiyo ni muhimu zaidi, kwa kuwa kadi zake za kielektroniki ni ghali na hazipendi umeme unaoyumba.

Maswali ya kumuuliza fundi

Iwapo gesi imepungua kweli, kazi sahihi ina hatua tano. Kwanza, tundu litafutwe, hata kwa povu la sabuni kwenye maungio. Pili, lizibwe. Tatu, mabomba yapimwe kwa kujazwa naitrojeni na kuangalia kama msukumo unashuka. Nne, hewa na unyevu vivutwe kwa pampu maalumu. Tano, gesi ipimwe kwa mizani wakati wa kujaza.

Fundi asiye na pampu wala mizani atajaza kwa kukisia. Gesi ikizidi ni mbaya sawa na ikipungua. Kiasi sahihi, kwa gramu au kilo, kimeandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje pamoja na aina ya gesi. Kisome kabla fundi hajafika.

Onyo moja halina mjadala: oksijeni isitumike kamwe kupima mabomba. Ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka na kuua.

Aina ya gesi nayo ina uzito wake. Viyoyozi vya zamani hutumia R22, ambayo inaharibu tabaka la ozoni. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, nchi zinazoendelea zinatakiwa kuiondoa ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo hadi 2040. Kwa hiyo anayenunua kiyoyozi cha mtumba cha R22 kwa sababu ni rahisi anajinunulia shida ya kesho.

Mashine mpya hutumia R410A au R32. R410A ina msukumo mkubwa zaidi kuliko R22, na R32 inaweza kushika moto kwa kiasi fulani. Gesi hizi hazichanganywi, na fundi anayesema zote ni sawa asiruhusiwe kugusa mashine. Vyuo vya VETA hufundisha fani ya majokofu na viyoyozi, hivyo si kosa kumuuliza fundi alisomea wapi.

Mkulima naye yumo

Kiyoyozi cha kawaida hakishuki chini ya nyuzi 16. Hata hivyo, kipo kifaa kiitwacho CoolBot, kilichotoka Marekani, ambacho kinafungwa kwenye kiyoyozi cha nyumbani na kukifanya kishuke zaidi, hadi kiwango cha chumba cha baridi cha mazao, ilimradi chumba kimezibwa vizuri kwa kuta zisizopitisha joto. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kimekifanyia majaribio kwenye maembe ya wakulima wadogo.

Mkulima anayefikiria njia hiyo akumbuke mambo mawili. La kwanza, si kila zao linataka baridi kali. Maembe, ndizi na nyanya huharibika zikikaa muda mrefu kwenye baridi iliyo chini sana ya nyuzi 13, ilhali kabichi na karoti hupenda baridi inayokaribia sifuri. La pili, kiyoyozi cha chumba hicho hufanya kazi usiku na mchana, kwa hiyo kila kilichosemwa juu ya chujio, barafu na umeme kinamhusu maradufu. Kikizima usiku wa Jumamosi, Jumatatu anatupa mzigo.

Ratiba ya mwaka

Kwa wa mwambao, wakati mzuri wa matengenezo makubwa ni Septemba na Oktoba, kabla joto halijaanza na mafundi wakiwa bado na nafasi. Ioshwe mashine ya ndani na ya nje, zikazwe nyaya zilizolegea, zipimwe kapasita, lizibuliwe bomba la maji.

Katika miezi ya baridi, kiwashwe hata dakika 20 kila wiki mbili, ili tatizo lionekane mapema badala ya siku ya joto kali. Na kiwekwe kwenye nyuzi 24 au 25 badala ya 16. Kuweka 16 hakuharakishi ubaridi kwa mashine ya kawaida, kunaizuia tu kompresa kupumzika.

Mwisho, kuwe na daftari dogo: tarehe, kilichofanyika, gesi iliyoongezwa na kiasi kilicholipwa. Neno "gesi" likionekana mara mbili ndani ya daftari hilo, usikubali la tatu. Dai tundu litafutwe.