Kereng'ende, Mlinzi wa Bwawa Lako

Mkulima wa Kericho au Bomet, asubuhi na mapema simama kando ya bwawa la shamba lako uyatazame matete. Ukiona ganda kavu la mdudu limeng'ang'ania bua, mgongo wake umepasuka, jua kwamba kereng'ende ametoka humo. Utamjua akitua: hutandaza mabawa yake manne.

Jike hutaga mayai majini au katika mimea ya majini. Mtoto wake hana mabawa. Huishi majini majuma mengi au miezi, kufuatana na aina yake, akila viluwiluwi vya mbu na wadudu wengine. Akikomaa hupanda bua, hujivua ganda, hukausha mabawa, huruka, na kuwinda mbu hewani.

Jambo hili si dogo. Katika miaka ya 1990 malaria iliwalaza watu wengi katika mashamba ya chai ya Kericho.

Basi, usioshee bomba la dawa bwawani, wala usifyeke matete yote. Dawa ikiwaua wote, mbu atarudi upesi kuliko kereng'ende. Hata hivyo, usiache kulala ndani ya chandarua.