Je, Wajua? Hewani Hakuna Mstari

Mwanafunzi wa Kiboriloni anayeutaka mpira wa mikono kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, ana hesabu mbili za kuzoea: hatua 3, sekunde 3. Ukidaka mpira, huruhusiwi hatua ya 4 bila kuudunda, wala hukai nao mkononi zaidi ya sekunde 3. Kila timu huingiza wachezaji 7 kwenye uwanja wa mita 40 kwa 20.

Eneo la mita 6 mbele ya goli hukanyagwa na golikipa peke yake. Lakini hewa ya juu yake haina mwenyewe! Mshambuliaji huruka kutoka nje ya mstari na kuachia kombora kabla hajagusa chini. Akitua ndani baada ya hapo, bao ni halali. Hapo ndipo penye utamu wenyewe. Penalti hupigwa kutoka mita 7.