Je, Wajua? Ndege Zimehama, Watu Wanahamia

Je, wajua kwamba jiji la Edmonton, magharibi mwa Kanada, linajenga mtaa mzima juu ya uwanja wake wa zamani wa ndege? Mtaa unaitwa Blatchford. Una hekta 217, uko kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji, na ukikamilika unatarajiwa kuchukua hadi watu 30,000.

Je, wajua kuwa uwanja huo ulikuwa wa kwanza wa manispaa kupewa leseni nchini Kanada? Ilikuwa mwaka 1926, na jina la Blatchford ni la meya wa wakati huo, Kenneth Blatchford.

Je, wajua kuwa mwaka 1931 ndege iliwahi kuruka kutoka barabarani jijini humo? Rubani Wiley Post na mwenzake Harold Gatty walitua Edmonton wakiwa katika safari ya kuizunguka dunia, wakakuta mvua imeugeuza uwanja kuwa tope tupu. Ndege yao, Winnie Mae, ikavutwa hadi barabara ya Portage iliyo jirani, nyaya za umeme zikaondolewa njiani, nayo ikapaa mbele ya nyumba za watu. Waliimaliza safari kwa siku 8, saa 15 na dakika 51. Barabara hiyo leo inaitwa Kingsway.

Je, wajua kuwa uwanja wa ndege huamua hata urefu wa maghorofa yaliyo mbali nao? Kwa miongo mingi majengo ya katikati ya Edmonton yaliwekewa kikomo cha urefu ili ndege zipite salama. Uwanja ulifungwa Novemba 2013. Miaka sita baadaye jiji lilikuwa na Stantec Tower, jengo la ghorofa 66 lenye urefu wa mita 251.

Je, wajua waliopinga kufungwa kwake walisema nini? Walisema wagonjwa mahututi kutoka kaskazini ya mbali walitua pale, karibu na hospitali kubwa, na kila dakika ilikuwa na thamani. Hoja hiyo ilikuwa nzito, na yeyote anayeota kujenga juu ya uwanja wa ndege lazima aijibu kabla ya kuchora ramani. Madiwani walipiga kura ya kufunga mwaka 2009, na ndege za wagonjwa zikahamishiwa uwanja wa kimataifa ulio kusini mwa jiji.

Je, wajua joto la nyumba za Blatchford linatoka wapi? Linatoka ardhini, chini ya bwawa la kukusanyia maji ya mvua. Hapo vimechimbwa vitundu 570, kila kimoja kikishuka mita 150. Kimiminika huzunguka ndani ya mabomba, na pampu katika kila jengo huvuta joto kutoka kwenye mzunguko huo au kulirudisha humo. Kiangazi, joto linaloondolewa vyumbani hushushwa ardhini likahifadhiwa kama nafaka ghalani. Msimu wa baridi, nje kukiwa nyuzi 30 chini ya sifuri, hupandishwa tena kupasha nyumba na maji ya kuoga. Mpango ni kuvuna pia joto la maji taka. Mfumo ni mali ya jiji lenyewe, na kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko vitundu vyote 570, kwa kuwa kampuni ya kujenga nyumba huuza na kuondoka, lakini mabomba ya jiji hubaki na mwenye kuyajali.

Je, wajua kuwa Hong Kong wana tatizo kinyume cha baridi ya Edmonton? Huko kero ni joto. Uwanja wa Kai Tak, ambako ndege kubwa zilipita juu kidogo ya mapaa ya Kowloon, ulifungwa Julai 1998. Sasa majengo ya mtaa uliozaliwa hapo hupozwa na mitambo ya pamoja inayotumia maji ya bahari.

Je, wajua kuwa Berlin walikataa kujenga? Uwanja wa Tempelhof ulifungwa Oktoba 2008, ukafunguliwa kama bustani 2010. Serikali ya jiji ilipotaka kuweka nyumba pembezoni, wananchi waliamua kwa kura ya Mei 2014 kwamba eneo lote, karibu hekta 300, libaki wazi.

Je, wajua kwamba huko Denver, Marekani, njia za kurukia ndege za uwanja wa Stapleton ziligeuka kokoto? Uwanja ulifungwa 1995, na mamilioni ya tani za zege yakasagwa yatumike upya katika ujenzi. Kijito cha Westerly, kilichokuwa kimefukiwa ndani ya mabomba chini ya njia hizo, kikafukuliwa kitiririke juani. Wakazi wa kwanza waliingia 2002, na mnara wa kuongozea ndege ukabaki umesimama katikati yao.

Je, wajua mtaa huo wa Denver haubebi tena jina la uwanja wake? Benjamin Stapleton alikuwa meya, na pia mwanachama wa Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi wa rangi. Kwa miaka wakazi walidai jina lifutwe. Mwaka 2019 wenye nyumba walipiga kura wakakataa kulibadili. Mwaka uliofuata, baada ya George Floyd, Mmarekani mweusi, kuuawa na polisi, wakachagua lingine: Central Park.